Ushauri wa feni: mashine ya kuhariri video, feni za juu ziingize hewa au zitoe?

Mhariri_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaojua mambo ya kuunda mashine. Napanga dekstopu ya kuhariri video za harusi na sendofu. Prosesa ni Ryzen 9 5900X, kadi ya grafiki RTX 3080, RAM GB 64. Kasha nililolipenda lina kioo mbele, feni tatu za milimita 120 zimekaa nyuma ya hicho kioo, na moja ipo mgongoni inatoa hewa. Juu kuna nafasi ya feni nyingine tatu. Swali langu ni hilo tu: za juu ziingize hewa au zitoe? Kila ninayemuuliza ana lake, na hizi ni pesa za msimu mzima wa harusi, siwezi kuzichezea. Pia mniambie kama kupoza kwa maji ndiko kunakofaa Dar, maana joto la Januari na Februari mnalijua.

mzee_wa_solda
Zitoe. Ila funga mbili tu, za upande wa nyuma. Ile nafasi ya juu iliyo karibu na mbele iache, kwa sababu feni ikikaa pale inavuta hewa baridi iliyoingia mbele na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa. Na kabla hujafunga feni yoyote iangalie: hewa hutokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota. Vijana wengi wanazigeuza, halafu wanasema kasha baya.

Kaka_Bajeti
Mkuu, mimi ningekuwa wewe ningeachana na hivyo vifaa ninunue laptop nzuri. Umeme ukikatika laptop inaendelea. Ukienda ukumbini unabeba. Hizi dekstopu za taa taa ni mambo ya vijana wa gemu. Bwana harusi anataka video yake kwa wakati, hajali kasha lako lina kioo au halina.

Mtoto_wa_Likoni
Mimi niko Mombasa, nyumba yetu si mbali na maji. Kwetu joto si adui wa kwanza, chumvi ndiyo adui. Nilikuwa na mashine dirishani, nikiona raha upepo wa kusi unaingia, nasema hapa feni hazina kazi. Nilipokuja kufungua nikakuta skrubu zimeota kutu, miguu ya RAM imechafuka, na mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, yana ukungu mweupe. Sasa naiweka ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na nafuta miguu ya RAM kwa spiriti kila baada ya muda. Ndugu yangu wa Tabata, wewe uko mbali kidogo na bahari, lakini usidharau unyevu.

Dada_Volti
Mhariri, kabla ya feni, mashine itakaa wapi? Chumba kina dirisha? Kuna AC?

Mhariri_Tabata
Asanteni sana. Mzee wa solda nimekuelewa. Kaka Bajeti, laptop ninayo, inaniua kwa video za 4K kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ndiyo maana nikaja huku. Dada Volti, itakaa ofisini.

Dada_Volti
Ofisini ni neno kubwa. Juu ya meza, chini ya meza, karibu na ukuta? Nauliza kwa sababu RTX 3080 peke yake imepangiwa wati 320, na 5900X inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142. Ukijumlisha na vingine unakaribia wati 500, na zote hizo zinageuka joto linalomwagika kwenye chumba. Feni za kasha kazi yake ni kulitoa joto ndani ya kasha tu. Baada ya hapo linaenda wapi?

Maskati_Dar
Dada amegusa penyewe. Mimi niko Maskati, nje kiangazi joto linaweza kufika nyuzi 45 na zaidi, lakini mashine yangu iko kwenye chumba cha AC, nyuzi 24, na inapumua vizuri kuliko ya rafiki yangu aliyeko Arusha ambaye yake imebanwa kati ya kochi na ukuta. Kinachohesabiwa ni hewa inayoingia mdomoni mwa kasha. Ikipanda nyuzi moja, na prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja.

Mhariri_Tabata
Chumba ni fremu ya duka, bati juu, dari hakuna. Feni ya ukutani ipo. Mashine itakaa ndani ya kabati.

mzee_wa_solda
Kabati?

Mhariri_Tabata
Ndiyo, mkuu. Fundi seremala anatengeneza, mbao za mninga, mlango una kufuli. Upana sentimita 60, kina 70, urefu 100, kwa hiyo nafasi ni kubwa tu, kasha halibanwi. Nyuma kuna tundu la nyaya.

Naomba mnielewe kabla hamjanishambulia. Fremu iko kando ya barabara ya vumbi, gari likipita meza zote zinakuwa nyekundu. Nina vijana wawili wa kazi na wateja wanaingia na kutoka. Jirani yangu wa stationari alivunjiwa usiku wakabeba kila kitu. Nikiiacha wazi siwezi kulala. Advansi ya kabati nimeshatoa. Ndiyo sababu nauliza kuhusu maji, kwa sababu maji yanapoza hata kama hewa ni moto, au siyo?

Kaka_Bajeti
Laptop inaingia kwenye begi, unalala nayo. Nimemaliza.

Kijiwe_Moto
Weka kwenye lile friji la soda la kioo. Kufuli linalo, taa linayo, baridi linayo 😂

Dada_Volti
Kijiwe, kuna mtu atalisoma hilo na kulifanya, kwa hiyo acha nilijibu. Friji la soda limeundwa kupoza chupa zilizotulia, halikuundwa kuondoa wati 500 saa nzima bila kupumzika. Kompresa itakimbia bila kuzima na ndani patazidi kuwa moto. Na ukiitoa mashine ikiwa ya baridi ukaileta kwenye hewa yenye unyevu ya Dar, matone yanajikusanya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Umeme na maji hapo wamekutana.

Mhariri, maji si kiyoyozi. Yanachukua joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, kile chuma chenye mapezi na feni, na rejeta inapozwa na hewa ileile iliyo kabatini. Hewa ya kabati ikiwa nyuzi 50, hakuna kitu humo kinachoweza kushuka chini ya nyuzi 50, uwe na maji au feni. Halafu rejeta ya prosesa haiigusi kadi ya grafiki, na kadi ndiyo yenye joto kubwa kuliko vyote.

mzee_wa_solda
Na tundu la nyaya si dirisha. Nilikuwa na mteja wa intaneti kafe Morogoro, aliziweka kompyuta chini ya kaunta ya mbao, mbele akapigilia ubao ili wateja wasizipige mateke. Ilikuwa kila mara ananiita, mara pawasaplai, mara diski. Nilimwambia ondoa ubao, akasema kaunta itaharibika sura. Nilikula hela yake mpaka nikaona haya.

Mhariri_Tabata
Lakini kabati likiwa na nafasi kubwa vile, hewa si ipo ya kutosha? Na nimejaribu, si kwamba nabahatisha. Mlango ukiwa wazi prosesa inakaa nyuzi 82, kadi 76. Nikifunga, baada ya nusu saa ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, prosesa inagonga 90 na kasi inashuka, RAM ya kadi inasoma 110. Nimeangalia kwa HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa. Nilidhani feni za juu zitamaliza hilo.

Chai_Bila_Sukari
Ngoja ngoja. Posti ya kwanza: "napanga dekstopu", "kasha nililolipenda". Posti ya nne: kabati fundi bado anatengeneza. Sasa hivi unatuletea nyuzi za RAM ya kadi ikiwa ndani ya kabati lilelile ambalo halijaisha. Wakuu, hii ni chai. Ama ni mtu anayeuza makasha ya vioo anatafuta watu wa kuyataja, ama kakaa tu nyumbani anatunga. Mhariri wa harusi wa fremu ya bati anaitoa wapi 3080?

Kijiwe_Moto
Nilijua. Chai ya rangi hii.

Mtoto_wa_Likoni
Sasa mtu akiwa na fremu ya bati hawezi kumiliki mashine? Mimi nawajua wapiga picha wenye kamera ghali kuliko gari na wanaishi chumba kimoja. Hebu mwache ajibu.

Kaka_Bajeti
Chai au si chai, laptop.

Mhariri_Tabata
Naomba niseme yote. Mashine imeshaundwa. Iko nyumbani Segerea. Kadi ni ya mkononi, nimenunua kwa mtu aliyekuwa anachezea gemu. Kabati nililojaribia ni la nguo, la chumbani, la ukubwa karibu na hilo la fundi, ndiyo maana nina namba. Niliandika "napanga" kwa sababu niliona nikisema nimeshanunua kasha la kioo mtanicheka badala ya kunisaidia. Sitangazi duka la mtu. Picha ya HWiNFO nimeiweka hapo chini, na saa ya ukutani inaonekana kwenye picha.

Chai_Bila_Sukari
Picha nimeiona. Saa inasoma saa nne na kidogo, na grafu ya kasi inaporomoka palepale RAM ya kadi inapofika 110. Hilo halitungiki kirahisi, kadi za aina hiyo hujipunguza kasi zikifika pale. Naondoa neno langu. Ila mkuu, ungesema mwanzo watu wasingepoteza muda kwenye feni za juu.

Dada_Volti
Tuendelee, maana namba hizo ni nzuri sana. Mlango wazi ni 82 na 76, kwa hiyo kasha lako, hata na kioo chake, linaweza kazi. Anayekuua ni mlango.

Kuhusu nafasi kubwa, piga hesabu. Ili hewa ibebe wati 500 na ipande nyuzi 10 tu, unahitaji mita za ujazo 2.5 kila dakika. Kabati lako lina mita za ujazo 0.42. Maana yake hewa yote ya kabati lazima itoke na kuingia mpya mara 6 kwa dakika. Ukubwa wa kabati unakununulia dakika chache za mwanzo tu, na ndiyo maana ulihitaji nusu saa kabla mambo hayajaharibika.

Fundi ameshafika wapi?

Mhariri_Tabata
Fremu ya mbao imesimama, ubao wa nyuma na mlango bado. Lakini nikitoboa matundu si ndiyo vumbi na wezi tena? Mimi bado naona rejeta ya milimita 360 ingesaidia, kuna mtu kanishikia moja.

mzee_wa_solda
Mwambie aiachie. Hiyo pesa mpelekee fundi wa kuchomelea. Mlango usiwe wa mbao, uwe wa wavu wa chuma na fremu ya engo, kama kaunta ya wakala wa M-Pesa. Mwizi atavunja ubao wa mninga kwa bisibisi kabla hajaukata wavu uliochomelewa. Na kabati ulifunge ukutani kwa bolti, la sivyo watalibeba lote na kufuli lake.

Dada_Volti
Naunga mkono mia kwa mia. Wavu ule unatatua mawili, wizi na hewa. Nyuma ya wavu weka sifongo jembamba la chujio kwenye fremu inayochomoka, ulioshe kila Jumamosi, na uwe na la pili la kubadilisha likiwa linakauka. Nusu ya juu ya mgongo wa kabati weka feni tatu za milimita 140 zinazotoa. Mbili zingetosha kwenye karatasi, ila chujio litaminya hewa. Kasha lisitazame ubao: uso wake uelekee mlangoni, mgongo uelekee kwenye hizo feni, na kabati lenyewe liachane na ukuta angalau sentimita 15. Hapo kwenye bolti za mzee itabidi mtumie vipande vya engo.

Kabla ya yote hayo fanya la bure, leo hii. Ingia bayosi, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uwashe Eco Mode ya kubana umeme, inayoitwa ya wati 65, prosesa itavuta hadi 88 badala ya 142. Kadi ishushe hadi wati 250 kwa programu ya MSI Afterburner. Umepunguza zaidi ya wati 120 za joto, na kasi utakayopoteza ni ndogo kuliko unavyoogopa, hasa kwa upande wa kadi. Uniti za LUKU nazo zitakushukuru. Kisha kadi hiyo ni ya mkononi, mpe mtu anayejua akubadilishie pedi za RAM, vile vipande laini vya kupitisha joto, huenda zimekauka.

Maskati_Dar
Niongeze kuhusu bati. Joto likitoka kabatini linabaki ndani ya fremu isiyo na dari, saa nane mchana. Toboa sehemu ya juu ukutani upande wa nyuma, hata tofali mbili za matundu, hewa moto itoke. Na kazi nzito za kurenda zipange usiku.

Mhariri_Tabata
Usiku siwezi kuiacha ikirenda peke yake fremuni, hilo hapana. Lakini wavu nimekubali, fundi nimempigia, anasema mbao za mlango anaweza kuzitumia kutengeneza droo. Eco Mode nimewasha sasa hivi, kadi nimeishusha 250. Nimefunga kabati la nguo, narenda sendofu ya dakika arobaini. Mpaka sasa RAM ya kadi 98, prosesa 79, na bado inapanda polepole.

Dada_Volti
Acha ifike nusu saa bila kufungua. Ikivuka 104 zima. Kisha rudia mlango ukiwa nusu wazi, halafu leta namba zote mbili, na uandike joto la chumba pembeni.