Bunduki mpya ya .375: risasi ya kwanza inakwenda kwake, nyingine kwake. Nimeuziwa kimeo?

Mwana wa Liwale:
Wakuu salaam. Leseni imetoka, nimechukua bunduki ya kuwindia, .375 H&H mpya Dar, ya boliti (ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kila risasi), darubini wameifunga na kuilenga hukohuko. Nikaja nayo kwa gari la shemeji. Juzi nimeijaribu, afisa wanyamapori akiwepo: magunia mawili ya korosho nimeyajaza mchanga juu ya meza, boksi la vigae mita 100, nyuma yake kichuguu kikubwa.

Ya kwanza imepiga juu kulia, shibiri nzima kutoka kwenye alama. Ya pili na ya tatu zimekaa pamoja, unazifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai, ila bado kulia. Ya nne na ya tano zimesambaa. Halafu nikijaza tatu, ya mwisho inakwama pua kwenye mdomo wa chemba, pale risasi inapoingia mtutuni. Na darubini imenigonga, nyusi imepasuka.

Mmwera Halisi:
Rudi kwenye gobore mjomba 😂

Mfuata Nyayo:
Mkuu, usiitukane bunduki bado. Nimefuata nyayo kambi za upande wa Selous miaka kumi na tisa. Mgeni aje na bunduki ya bei gani sijui, siku ya kwanza anapiga karatasi kabla hajaona hata ngiri. Mmoja alinuna, eti ameilenga kwao Marekani. Alipopiga, karatasi haikuguswa. Darubini ilikuwa imelegea safarini.

Wewe umepita Nangurukuru–Liwale, ile barabara inalegeza hata meno. Kaza skrubu zote za darubini, kila moja itie tone la rangi ya kucha. Rangi ikipasuka, ujue imezunguka.

Risasi ya kwanza: uliufuta mtutu? Bunduki mpya inakuja na mafuta ndani. Pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Ya nne na ya tano ni joto. Piga mbili au tatu, iweke kivulini boliti wazi, subiri mpaka mtutu ushikike.

Ila mimi hizo tano mfululizo sizihesabu sana. Nyati unampiga kwa mtutu baridi. Nenda asubuhi tatu, kila asubuhi risasi moja, boksi lilelile, andika tarehe kando ya tundu. Anza mita 25 ndio urudi 100. Na risasi ziwe za aina moja. Za ncha laini na za ncha ngumu haziangukii sehemu moja hata zote zikiwa na uzito mmoja, graini 300.

Kukwama: boliti unaivuta kwa huruma. Ivute mpaka mwisho, isukume kwa nguvu, bunduki ikiwa begani. Ikikwama hata hivyo, ni ya fundi. Usiingie nayo porini.

Nyusi ni kosa lako. Jicho likae vidole vinne kutoka kwenye kioo.

Mwana wa Liwale:
Mrejesho. Skrubu ya mbele ilizunguka nusu duara nzima, na kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama cha gereji. Nimekaza, nimeanza upya mita 25. Asubuhi tatu za mita 100: matundu mawili yanagusana, la tatu vidole viwili chini. Siku hiyo upepo ulikuwepo, na mkono nao ulikuwepo.

Ya mwisho kwenye magazini bado inakwama, mara moja katika kumi, hata nikivuta kwa nguvu. Jumatatu inarudi Dar kwa fundi. Shemeji anasema safari hii mafuta ni yangu.