Viwavi weusi wamevamia mtama, kunde wameziacha. Ni viwavijeshi gani hawa?

MkulimaKongwa: Habari wakuu. Nipo Kongwa, Dodoma. Jana asubuhi nimekuta viwavi weusi wengi mno kwenye mtama na uwele, ubavuni wana mistari ya kijani na njano. Majani mengine yamebaki uti tu, lakini kunde na karanga za humo humo hazijaguswa. Kama wiki mbili nyuma, baada ya mvua kubwa, nondo wa kijivu walijaa kwenye taa ya barazani. Mwaka juzi nilihangaika na viwavi wa mahindi, ndio hawa? Nipulize dawa? Na mbuzi je? Hiki ndicho chakula cha nyumba yangu.

ShambaDarasa: Pole sana mkuu. Hao ni viwavijeshi wa asili wa Afrika, siyo wale vamizi wa kutoka Amerika walioonekana barani kwetu mwaka 2016. Kunde zako zimenipa jibu: hawa chakula chao ni jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano, miwa na malisho. Yule vamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Rangi peke yake isikudanganye. Hawa wa asili wakiwa wachache huwa kijani au kahawia, wakisongamana ndipo wanakuwa weusi.

BintiKilosa: Wale nondo wa barazani ndio wazazi wao. Mabawa ya mbele kijivu-kahawia, ya nyuma meupe yenye mishipa myeusi, sivyo? Husafiri usiku na upepo mamia ya kilomita, na mvua huwashusha pamoja. Milipuko mingi huanzia Tanzania na Kenya, kisha vizazi vinavyofuata huelekea Ethiopia, hata Yemen.

MzeeWaUwele: Mwanangu, pima urefu kabla hujanunua dawa. Wakikaribia sentimita 3 wako mbioni kuingia ardhini, utapoteza hela bure. Mbuzi usiwapeleke kwenye malisho yaliyotoka kuliwa na viwavi hawa, mifugo imewahi kufa, hasa ng'ombe. Wakatie majani kwingine.

MkulimaKongwa: Shikamoo mzee, asante. Nimepima, wengi ni sentimita moja na nusu. Napuliza jioni hii, na sasa hivi naenda kwa jirani, mahindi yake yapo upande wanaoelekea.