Tupeane uzoefu: kuomba mafao ya ulemavu Marekani kwa sababu ya mgongo

Mleta mada

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale walioomba mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, yaani SSDI, kutokana na matatizo ya mgongo na uti wa mgongo. Wengi wetu tunafanya kazi za kuinua, kusukuma na kusimama kwa muda mrefu, na mtu anapoumia huambiwa mapema kwamba maombi ya mgongo hayapiti. Yanapita, ila maumivu peke yake, hata yakiwa makali namna gani, hayatoshi mbele ya sheria.

Mpango huu haulipi ulemavu wa muda mfupi wala wa nusu. Ni lazima hali yako iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, kwa miezi 12 mfululizo, na ikuzuie kufanya kazi yenye kipato ambacho serikali inakihesabu kuwa kikubwa; kwa mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu. Vilevile ni lazima uwe umechangia kupitia makato ya mshahara, na kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 31 kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi takriban miaka 5 katika miaka 10 iliyotangulia ulemavu.

Mimi nilikubaliwa baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno ambao haukurudisha nguvu za mguu wangu. Ninaamini kilichonibeba si jina la ugonjwa bali kumbukumbu za daktari wangu, ambaye kila nilipomwona aliandika naweza kukaa kwa muda gani, kusimama kwa muda gani, na kubeba uzito kiasi gani.

Mchangiaji wa kwanza

Nilikuwa mhudumu wa wazee, kazi ya kuwageuza na kuwanyanyua wagonjwa kitandani, hadi diski mbili za kiunoni zilipotoka na kubana mishipa ya fahamu. Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Daktari wangu alikuwa ameandika kwa nia njema kabisa kwamba "hawezi kufanya kazi", lakini kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 27 Machi 2017 sheria inasema kauli ya namna hiyo haina uzito, kwa kuwa uamuzi huo ni wa serikali na si wa daktari. Kinachohitajika ni vipimo na mipaka ya mwili: udhaifu wa misuli, ganzi, matokeo ya kuinuliwa mguu ukiwa umelala na ukiwa umekaa, pamoja na picha ya MRI inayolingana na dalili hizo.

Kuna orodha rasmi ya magonjwa, ambayo ukitimiza masharti yake unahesabiwa kuwa mlemavu bila kuangaliwa umri wala kazi zako, na kipengele cha mishipa ya fahamu inayobanwa kwenye uti wa mgongo kimepewa namba 1.15 tangu mwaka 2021. Ni kigumu mno. Pamoja na vipimo hivyo vyote, kinadai kwa mfano uwe na hitaji lililothibitishwa kitabibu la kutumia kifaa cha kutembelea kinachoshikwa kwa mikono yote miwili, au uwe umepoteza matumizi ya mikono yako. Mimi nilitembelea fimbo moja, kwa hiyo sikukifikia. Msikate tamaa mkifika hapo, kwa sababu hatua zinazofuata hupima uwezo uliobaki, umri, elimu na kazi ulizowahi kufanya. Nilikuwa nimevuka miaka 50, na kwa umri huo mtu aliyebakiwa na uwezo wa kazi za kukaa tu, asiye na ujuzi unaohamishika, anaweza kuhesabiwa kuwa mlemavu. Nilikata rufaa ndani ya siku 60 zinazoruhusiwa, na jaji akanikubalia.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa maelezo hayo, lakini aliye chini ya miaka 50 ajue kwamba njia yake ni nyembamba zaidi. Nilikuwa dereva wa lori mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, na hoja ya serikali ilikuwa kwamba hata nisipoweza kuendesha, naweza kazi ya kukaa, ambayo kwa kanuni zao ni kukaa takriban saa 6 katika siku ya saa 8 na kuinua uzito usiozidi kilo 4 na nusu hivi. Katika shauri langu alikuwepo mtaalamu wa ajira. Jaji alimuuliza kama kuna kazi kwa mtu anayelazimika kulala chini mara kwa mara mchana, na ambaye vidole vyake hufa ganzi kwa sababu ya pingili za shingo. Alijibu kwamba hakuna, na jibu hilo ndilo lililogeuza shauri. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure. Ombeni mapema, kwani maumivu yanaelezeka vizuri zaidi kwa lugha ya mtu mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Naandika kwa niaba ya mume wangu. Fomu ya shughuli za kila siku ndiyo iliyotusumbua, kwa sababu inauliza kama unapika, unafua, unakwenda dukani, na yeye kwa heshima yake alitaka kujibu "ndiyo" kila mahali. Tuliandika ukweli wote: anapika akiwa ameketi, anapumzika katikati, na baada ya hapo hulala chini hadi maumivu yatulie. Neno "napika" peke yake lingesomeka kama uwezo wa kusimama jikoni siku nzima.

Mchangiaji wa nne

Mimi sikuwa na bima, na faili langu lilikuwa na pengo kubwa la matibabu. Elezeni sababu kwa maandishi, maana kanuni zinawataka waamuzi wazingatie kwamba mtu huenda alishindwa kumudu gharama. Kuhusu wakili, kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo yako, yaani mafao ya nyuma ambayo hukulipwa, na isiyozidi kikomo kilichowekwa na serikali.

Mleta mada

Niongeze jambo kwa waliokubaliwa karibuni. Malipo hayaanzi mara moja, kwani kuna miezi 5 kamili ya kusubiri tangu ulemavu ulipoanza, na bima ya afya ya serikali iitwayo Medicare huja baada ya miezi 24 ya kustahili mafao. Faili nalo hupitiwa upya, mara nyingi kila baada ya miaka 3 pale inapodhaniwa kuwa hali inaweza kuboreka, kwa hiyo endeleeni kumwona daktari na kumwomba aandike mipaka ileile ya kukaa, kusimama na kubeba. Aliyewahi kupitia mapitio hayo baada ya upasuaji wa mgongo atueleze aliombwa nyaraka gani.