Miaka 8 baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, tumbo limeanza kunisumbua upya

Mama wa Tanga ameuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni mama wa miaka 47. Mwaka 2016 nilikwenda India kufanyiwa upasuaji wa baipasi ya tumbo, nikiwa na kilo 121 na kisukari kilichokuwa kimeshindikana kwa vidonge. Leo nina kilo 76, sukari imetulia, na sijawahi kuujutia uamuzi ule. Kwa miaka 6 nilikula kidogo kidogo, nikameza vitamini nilizoandikiwa, na tumbo halikuwa na neno. Tangu mwaka jana mambo yamebadilika, nami nimechoka kuambiwa kwamba yote ni vidonda vya tumbo.

Nikila mchuzi wa nazi au nikinywa maziwa, tumbo linajaa gesi na kunguruma, na choo kinakuwa laini, chenye mafuta, kinachoelea. Ramadhani iliyopita likaongezeka jingine. Nilifuturu kwa tende 5, bakuli la uji wa pilipili manga wenye sukari, na kaimati. Kabla sijaumaliza uji, moyo ulianza kwenda mbio nikalazimika kulala chini kidogo, ikapita. Baada ya saa 2, tukiwa katika tarawehe, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakaingia giza, nikaishika nguzo ya msikiti nisianguke. Binti yangu alikimbia kuniletea soda nikapata nafuu, lakini baada ya muda nikatetemeka tena. Jirani mwenye kisukari akanipima sukari kwa mashine yake, ikasoma 2.7, yaani imeshuka mno.

Zaidi ya hayo kuna maumivu chini ya mbavu za kushoto. Hunijia baada ya kula, pengine mara moja kwa wiki mbili, yakaninyonga hadi nikajikunja, kisha yakaachia ghafla kana kwamba hapakuwa na kitu. Nimetibiwa taifodi mara mbili na minyoo mara moja, na dozi ya vidonda vya tumbo nimeimaliza bila mafanikio. Makovu yangu ni madogo mno, kwa hiyo hakuna daktari aliyeniuliza kuhusu upasuaji, nami sikujua kwamba ninapaswa kuutaja. Niseme pia kwamba magoti yananiuma, na huwa ninanunua diklofenaki dukani. Je, yupo mwenzangu aliyepatwa na haya?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji amejibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole sana. Nitaanza na maumivu hayo ya kuja na kuondoka, kwa sababu ndiyo yanayonitia hofu.

Katika baipasi, daktari hutenga kijifuko kidogo cha tumbo, kinachobeba takriban mililita 30 tu, kisha hupandisha utumbo mwembamba na kuuunganisha nacho. Mpangilio huo mpya huacha mianya katika utando unaoushikilia utumbo. Mtu anapopungua kilo nyingi kama wewe, mafuta yaliyokuwa ndani ya utando huo hupungua pia, mianya ikatanuka, na siku moja, hata baada ya miaka mingi, utumbo hupenya humo, ukabanwa, kisha ukarudi wenyewe. Ukipimwa siku ya nafuu, vipimo vinaweza kuonyesha kwamba huna tatizo. Utumbo ukinasa moja kwa moja, damu hukatika na kipande chake kinaweza kufa kwa muda wa saa chache. Sisemi kwamba ndilo ulilonalo, kwani sijakuona, lakini nakusihi uende wiki hii katika hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji na kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na neno la kwanza utakalotamka liwe kwamba ulifanyiwa baipasi mwaka 2016. Liandike hata kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi yako ya bima. Maumivu yakija yasiachie, au yakiambatana na kutapika, usingoje kukuche.

Diklofenaki iache leo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huchimba kidonda pale utumbo ulipounganishwa na kijifuko, na hapo hata mimi nitakubali neno vidonda vya tumbo. Kwa magoti tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi mpaka daktari akushauri vingine. Ukipelekwa kwenye kipimo cha kamera, mjulishe mpimaji mapema, maana kamera ya kawaida haifiki katika tumbo la zamani lililoachwa pembeni.

Kuhara kwako kunaweza kuwa na sababu zaidi ya moja: maziwa, mafuta yasiyosagika vizuri, au bakteria waliozidi katika utumbo. Acha maziwa kabisa kwanza, na usijinunulie metronidazo, ile dawa ya kuua bakteria. Omba pia upimwe damu, madini ya chuma na vitamini B12. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu wake huchelewa kujitokeza, na ganzi ya miguu ikishakomaa huwa vigumu kuiondoa.

Bint Salim wa Muscat amejibu:

Dada, hilo la tarawehe ninalifahamu vizuri, kwani nilifanyiwa baipasi mwaka 2014, na huku kwetu kila nyumba unayoingia unakaribishwa kwa halua na tende, na kukataa ni taabu. Moyo kwenda mbio mara tu ulipokula ni sukari iliyoporomoka kwenye utumbo kwa mkupuo na kuvuta maji kutoka kwenye damu. Kutetemeka kwa baadaye ni insulini iliyomwagika kupita kiasi kuikimbiza sukari hiyo. Soda ilikuokoa kwa dakika chache, kisha ikaanzisha mzunguko uleule. Sukari ya damu ikishuka tena, chukua sukari kidogo, kijiko kimoja hivi, na ukipata nafuu ule yai au kipande cha samaki ili isishuke upya.

Mimi hufungulia tende moja, naitafuna polepole, kisha nakula samaki au kuku, na maji nayaacha kwa nusu saa. Uji wangu hauna sukari. Hata hivyo, kwa kipimo cha 2.7, zungumza na daktari kabla ya Ramadhani ijayo. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na hakuna aibu kuitumia.

Baba Juma, Nairobi, amejibu:

Mimi nilifanyiwa ule upasuaji mwingine wa kukata sehemu kubwa ya tumbo, na shida yangu ni kiungulia cha usiku, kwa hiyo sina la kuongeza kuhusu maumivu. Kuhusu maziwa, kwa heshima naomba kutofautiana kidogo na muuguzi: maziwa mabichi yananiharisha, lakini mtindi siku hizi unakaa tumboni bila taabu. Baada ya kuyaacha kwa majuma machache, mama anaweza kuujaribu kwa vijiko viwili vitatu.

Mama wa Tanga ameandika tena, baada ya siku 19:

Nawashukuru sana. Nilisafiri hadi Dar es Salaam nikiwa na karatasi yangu mkononi. Daktari aliisoma, akaacha kuandika, akaagiza CT siku ileile, ikaonyesha mishipa ya utumbo imejizungusha. Nilifanyiwa upasuaji kwa matundu madogo, akakuta utumbo umepenya katika mwanya mmoja, akaurudisha na kuishona mianya yote miwili. Utumbo ulikuwa mzima. B12 yangu iko chini, nimeanza sindano. Maziwa nimeyaacha, na mtindi bado sijathubutu. Nazi ndiyo inayonishinda, maana hata tui jepesi linanipeleka chooni, na majibu ya vipimo vya kuhara yatatoka Jumatatu. Muuguzi, nikishayapata, niruhusu nikuulize tena.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji amejibu:

Alhamdulillah. Uliza wakati wowote, dada yangu, na karatasi ile uongeze mstari wa upasuaji huu wa pili.