Shelfu ya futi 7 imeyumba na mtoto juu yake, na ukuta hautakiwi kutobolewa. Naomba ushauri

MamaWatatu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nipo Lamu, mtaa wa Langoni, nimepanga orofa ya juu ya nyumba ya mawe ya zamani. Nina shelfu mbili za mbao nilizochongewa mwaka jana. Kila moja ina futi 7 kwenda juu, futi 3 upana, na kina chake futi 1 tu. Moja iko ukumbini, ina vitabu vya mume wangu na vitambaa ninavyouza. Ya pili iko chumba cha watoto.

Juzi alasiri nilikuwa jikoni, nikasikia mwanangu mkubwa akipiga ukelele chumbani kwao. Nilipofika nilimkuta ameikinga shelfu kwa bega, imeinama, vitabu vimemwagika chini, na mdogo wake wa miaka 3 ananing'inia kwenye kibao cha tatu. Alikuwa akipanda kulifuata kopo la biskuti nililoliweka juu kabisa ili asilifikie. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Lakini huyo mkubwa ana miaka 11, sijui angeizuia mpaka lini. Tangu siku hiyo watoto wanalala chumbani kwangu, na chao nimekifunga.

Mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Plasta ni ya chokaa ya kale na ukuta mmoja una zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, kwa hiyo namwelewa. Sakafu nayo si sawa: ukiweka gololi karibu na ukuta inateremka mpaka katikati ya chumba. Chumba chenyewe ni chembamba, mita 2 na nusu, na kitanda kiko mkabala na shelfu. Nifanye nini isimame imara bila kutoboa? Au niiuze tu?

Baharia_Faza

Pole sana dada. Funga waya kutoka juu ya shelfu mpaka kwenye boriti ya dari. Nusu saa umemaliza.

BintiShela

Dada, usifunge chochote kwenye boriti kabla haijakaguliwa. Kwetu ilikuwepo moja inayoonekana nzima kabisa, fundi akaisukuma kwa bisibisi, bisibisi ikazama yote. Mchwa walikuwa wameila ndani siku nyingi. Shelfu ingeanguka na dari juu yake.

MwalimuHesabu

Naunga mkono, na nina sababu nyingine. Shelfu inapoanguka mbele hugeukia ukingo wake wa mbele. Kwa vipimo vyako, ile pembe ya juu nyuma hupanda kama sentimita 2 tu mpaka shelfu inapofika mahali pasipo na kurudi. Waya uliosimama wima ukilegea sentimita 2, na waya hulegea, haujasaidia kitu.

Mama, naomba nikuonyeshe kwa nini ilikubali kuinama kirahisi vile. Tuseme shelfu pamoja na vitu vyake ina kilo 40, na uzito wote umejikusanya katikati, sentimita 15 nyuma ya ukingo wa mbele. 40 mara 15 ni 600. Hiyo ndiyo akiba yako yote ya kusimama. Mtu akiivuta mbele akiwa ameshika sentimita 120 kutoka chini, anahitaji nguvu ya kilo 5 tu, maana 5 mara 120 ni 600. Akiivuta kutoka kileleni, kilo 3 zinatosha.

Na hapo nimehesabu sakafu iliyo sawa. Ikiwa sakafu inashuka sentimita 1 katika kile kina cha futi moja, na uzito umekaa juu, kwenye kimo cha sentimita 120, basi kitovu chake kimesogea mbele sentimita 4. Akiba imeshuka kutoka 600 hadi 440. Mtoto wa miaka 3 anaimaliza bila kujitahidi.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya fundi yeyote, shusha kila kizito mpaka vibao viwili vya chini. Vitabu vinene vijaze kibao cha kwanza mpaka ukingoni, mguu mdogo ukose pa kukanyaga. Na lile kopo la biskuti liondoke juu. Chochote mtoto anachokipenda kikikaa juu, shelfu inageuka ngazi.

MamaWatatu

Subhanallah, kilo 3! Kopo nimeshaliondoa, na vitabu nitavishusha usiku huu. Ahsante sana mwalimu.

FundiMkomani

Mwanangu, pole na pongezi kwa huyo kijana wako. Nimefanya useremala hapa mjini zaidi ya miaka 30 na nyumba hizi nazijua. Boriti za mkoko hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini upana wake haufiki mita 3. Shelfu ya futi 7 ikianguka katika chumba kama hicho haina pengine pa kuangukia ila kitandani. Wazee waliojenga nyumba hizi vyombo vyao vya kauri waliviweka kwenye zidaka, ndani ya unene wa ukuta, na nguo kwenye makasha yaliyokaa chini. Kitu kirefu chembamba kusimama peke yake ni mambo ya juzi.

Ya chumba cha watoto, ushauri wangu ni uikate. Najua inauma kukata kitu kizuri. Ikatwe katikati upate mbili za futi 3 na nusu, kila moja iwekewe kifuniko au kitako inapokosekana. Lakini usiziweke moja moja, maana hata kimo hicho mwana anaangusha. Zipeleke kwenye pembe ya chumba, moja ukuta huu na moja ukuta ule, kisha uzikaze pamoja kwa bolti na nati, mbili chini na mbili juu. Mwana akiivuta moja, ile nyingine ndiyo mguu wake. Ukuta hujaugusa.

Nyuma gongomea plaiwudi nzima, si vipande. Plaiwudi ndiyo inayozuia shelfu kuyumba kushoto na kulia.

Sakafu irekebishe kwa kabari ya mbao ngumu, ndefu kama upana wa shelfu, iingie chini ya ukingo wote wa mbele. Usiweke vipande viwili vya pembeni tu, katikati itapinda. Weka pimamaji juu ya kibao, pandisha mpaka iwe sawa, kisha ongeza kidogo ili shelfu iegemee ukutani. Ikaze kabari kwa gundi na skurubu isije ikateleza. Makaratasi yaliyokunjwa hayafai, unyevu wetu unayalainisha.

Ile ya ukumbini ukitaka ibaki ndefu, itabidi ishikwe na ukuta. Hapo zungumza na mwenye nyumba.

MamaWatatu

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Nikimwomba mwenye nyumba nimwambie nini hasa? Anaogopa plasta itamomonyoka.

FundiMkomani

Ana haki ya kuogopa. Mwambie unahitaji matundu mawili tu, nyuma ya shelfu ambako hayaonekani, mbali na zidaka na nakshi zozote. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, basi ukuta wa kale mpite kwanza ofisi ya Makumbusho muulize. Kuuliza si gharama.

Kisha fundi atoboe hivi. Drili izunguke tu, isigonge, maana jiwe la matumbawe lina vitundu na likigongwa linapasuka. Chokaa ya juu haishiki kitu, kwa hiyo plagi, kile kiplastiki kinachoshika skurubu, iivuke yote ikakae ndani ya jiwe. Mimi huenda sentimita 8 kwa jumla. Vumbi lipulizwe litoke kabisa. Tundu likimomonyoka usilazimishe plagi nene zaidi. Chimba kishimo kidogo, zika kipande cha mbao ngumu kwa udongo wa chokaa, usubiri wiki kadhaa kikauke, ndipo ukaze skurubu kwenye mbao.

Vyuma vya umbo la L viwe viwili, kimoja kila upande, vishike nguzo za shelfu. Vikishika plaiwudi ya nyuma ni kazi bure, inang'oka. Na viwe vya chuma kisichoshika kutu, pamoja na skurubu zake. Vile vya kawaida kwa chumvi ya hapa, miaka michache vimekwisha na wewe hujui.

Msomaji_Malindi

Nyongeza ndogo kwa wenye makabati ya droo. Droo mbili zikifunguliwa pamoja, uzito wote unakuja mbele. Marekani walipitisha sheria mwishoni mwa 2022 kuhusu makabati ya nguo: ya kimo cha sentimita 69 kwenda juu lazima yajaribiwe kwa kuvutwa na kwa uzito wa mtoto wa kilo 27. Sentimita 69 ni kimo cha meza! Mimi nilidhani yangu fupi ni salama.

MamaWatatu

Narudi baada ya wiki mbili. Ya chumbani imekatwa, iko pembeni, imekazwa kwa bolti nne. Kabari ya mbele imetoka unene wa sentimita 1 na nusu, ndipo nikajua sakafu inashuka kiasi gani. Mume wangu alipinga kukata mpaka nilipomwonyesha hesabu ya mwalimu, akaisoma mara mbili, kisha akaenda mwenyewe kumwita fundi. Juzi ameining'inia kwa uzito wake wote pande zote, haikusogea.

Mwenye nyumba amekubali matundu mawili ukumbini, kwa sharti awepo siku ya kutoboa. Ofisi ya Makumbusho tunakwenda Jumatatu. Kwa sasa shelfu hiyo imelazwa chini, vitambaa viko kwenye kasha la bibi. Watoto wamerudi chumbani kwao jana usiku.

FundiMkomani

Vyema. Siku ya kutoboa, pima na boriti kwa bisibisi maadamu ngazi ipo.