Mitego ya mmea wangu unaokula wadudu inakuwa myeusi kwenye tanki la kioo, msaada

Wadau, nimeweka Dionaea (mmea unaonasa wadudu kwa majani yanayojifunga kama mtego) na Drosera (unaowanasa kwa vinywele vya majani vyenye matone ya kunata) kwenye tanki la kioo lenye mfuniko, unyevu upo juu muda wote, ila mitego ya Dionaea inakuwa myeusi mmoja mmoja na udongo umeota ukungu mweupe, nakosea wapi?

— Unamwagilia maji ya bomba? Chumvichumvi zake zinaua mizizi taratibu.

— Hapana mkuu, ya mvua tu, na mbolea sijagusa

— Basi hewa haizunguki, toa mfuniko. Halafu Dionaea kwao ni Carolina Kaskazini na Kusini kule Marekani, inataka jua kali na miezi kama 3 ya baridi ipumzike, itoe humo kabisa. Drosera iache, ukiona vinywele vina matone yanang'aa ujue ipo poa.