Mrejesho: mpira wa bouling uliokuwa unakata kona mapema

Wakuu, niliuliza kwa nini mpira wangu unakata kona mapema na kulia "tak tak" ukiwa njiani. Mafuta ya leni (njia ya kuvingirishia mpira) yaliyobaki kwenye mpira yalionyesha kila kitu: mistari yake ilitanuka kama feni hadi ukingoni mwa tundu la kidole cha kati. Fundi kaziba matundu, katoboa upya. Doa la pini (alama ya kilele cha kiini, uzito ulio ndani ya mpira) sasa liko inchi 5, badala ya 3⅜, toka ncha ya mhimili ambao mpira huuzunguka nikiurusha. Kwa kiini linganifu, ule umbali wa kwanza ndio unaotanua mistari kuliko wote. Sasa mistari imebanana, kelele kwisha, kona inakuja mbele zaidi. Tundu la mizani (la ziada, lisiloingizwa kidole, la kurekebisha uzito) sahauni, USBC, shirikisho la bouling la Marekani, ililipiga marufuku 2020. Ila leni ikikauka, msasa wa kusugulia uso wa mpira bado una kauli kuliko mpangilio wa matundu.